Mluzi wa Chogo

Kabati lipo bado. Limesimama nyuma ya jiko la mjomba, hapa Mbangala, limeegemea ukuta wa tofali za kuchoma, na kuku hutagia ndani yake. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole linajibu kwa sauti nzito, maana ni mninga mtupu, wa enzi ambazo mninga ulikuwa bado hautafutwi kwa tochi. Mbele lina dirisha la mraba. Chini ya dirisha kuna rafu nyembamba ya kuwekea pedi za gemu, na ubavuni kuna tundu lililopitisha mnyororo wa bunduki ya gemu. Watoto wa siku hizi wakilitazama wanashangazwa na kina chake. Wanaingiza mkono hadi begani na bado hawagusi ukuta wa nyuma. Kina hicho kilichongwa kwa ajili ya TV ya chogo ya inchi 21.

Mimi ndiye niliyeitoa TV ile humo, na kila ninapookota yai nakumbuka.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 11. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa, ulikuja mwaka 2016. Sisi tulihesabika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, huku bondeni upande wa Ziwa Rukwa, kwenye ardhi ya Wabungu ambako dhahabu imevuta watu wa kila kabila. Pale Saza, jirani zetu, Wazungu walichimba kabla ya Uhuru. Baada yao tukabaki sisi na sururu. Mchimbaji leo anapata, kesho anakosa, na kati ya kupata na kukosa anahitaji mahali pa kukaa jioni. Mjomba aliliona hilo. Duara lake, shimo lake la dhahabu, lilipotema mara moja tu, mara ya kwanza na ya mwisho, hakununua pikipiki wala hakuongeza mke kama wenzake. Alipanda lori hadi Mbalizi, akashika barabara kuu ya Zambia akapita Mlowo na Vwawa, akashukia Tunduma.

Tunduma ya wakati huo ilikuwa foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, vumbi, na watu wanaovuka kwenda Nakonde na kurudi mchana kutwa na mizigo kichwani. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019. Kabla ya hapo mpaka uliuona kwa miguu yako zaidi ya kuusoma kwenye bango. Mjomba alirudi siku ya tatu amepakata TV ya mtumba iliyofungwa blanketi. Alituambia kwamba njia nzima hakuiweka chini hata mara moja, na walipofika kwenye mashimo ya Galula alisimama nayo ili miguu yake ipokee mtikisiko badala ya kioo. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa na mashine ya gemu ya kaseti, ile ya Kichina iliyoiga ya Nintendo, pedi mbili, na bunduki ya plastiki.

Vumbi la karasha, mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, halina adabu huku kwetu, linaingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Kwa hiyo mjomba alimwita seremala, akamweleza anachotaka: sanduku litakaloficha TV yote isipokuwa uso, lisilobebeka na mwizi mmoja, ambalo mtoto wa miaka saba anaweza kusimama mbele yake na mtu mzima akaliinamia bila kuumia mgongo. Miaka mingi baadaye, kwenye simu, niliona picha za mashine za gemu za kutia sarafu za Marekani na Japani, zilizochezewa Pac-Man mwaka 1980, na moyo ukanipiga. Lilikuwa kabati letu. Dirisha, rafu ya mikono, ubavu uliokatwa kwa mshazari. Yule seremala hakuwahi kuziona maishani mwake. Alipewa shida ileile, akaitatua vilevile, kwa randa na msumeno, chini ya mwembe.

Ukicheza unalipa sarafu ya shilingi 50, ile yenye kifaru na mwanawe. Tuliiita kifaru. "Nina vifaru viwili" maana yake jioni yako imekamilika. Wenye pedi walicheza Mario na Kontra, lakini foleni ndefu ilikuwa ya bunduki. Bata wanaruka kutoka kwenye majani, una risasi tatu, na ukikosa mbwa anainuka majanini anakucheka. Mbwa yule tulimchukia kwa dhati. Nimeona mchimbaji mzima, mtu wa kushuka futi nyingi chini ya ardhi kwa kamba, akitetemeka mkono kwa sababu ya mbwa yule.

Sasa nifike kwenye mluzi.

Mjomba alikuwa akiwasha jenereta saa kumi na moja jioni. Jenereta pekee haikuwa habari, maana iliendesha pia taa na redio. Lakini alipobonyeza swichi ya TV, kabla picha haijajitokeza, kabla hata kioo hakijapata mwanga, sisi watoto tuliokuwa mbali kwenye kivuli cha ukuta tulijua. Kulikuwa na sauti. Nyembamba kuliko ya mbu, haina mwanzo wala mwisho, kama uzi wa chuma unaopita katikati ya kichwa kutoka sikio hadi sikio. Tulikuwa tukisema "inalia" na kukimbia. Mjomba alifungua mlango akatukuta tumeshapanga foleni. Aliamini tuna mpelelezi wetu ndani ya nyumba, akamshuku binti yake kwa muda mrefu. Tulipomwambia kwamba TV inalia alikunja uso, akasogeza sikio hadi kwenye TV, akasema haisikii. Tulidhani anatutania.

Ndani ya TV ya chogo kuna boriti ya elektroni inayofagia kioo mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Kwa mfumo tuliotumia sisi, picha moja ina mistari 625, na picha 25 zinapita kila sekunde. Zidisha: mistari 15,625 kwa sekunde. Transfoma ndogo nyeusi inayoitwa flaibaki inaendeshwa kwa mwendo huohuo, na chuma chake na koili zake zinatikisika nao. Mtikisiko huo ndio mluzi. Sikio la mtoto linaufikia. Miaka ikisonga sikio linashuka taratibu kutoka huko juu, na kwa anayeishi kando ya karasha linashuka mapema zaidi.

Aliyenieleza haya ni Fundi. Alikuwa na jina lake, lakini Mbangala nzima ilimwita hivyo tu, na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuja kufuata dhahabu, akaikosa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na TV pale penye njia panda. Mezani alikuwa na meta moja yenye mshale, chuma cha kulehemu cha kuchomeka, koili ya risasi, kopo la petroli la kusafishia bodi, na bisibisi ndefu iliyofungwa waya wenye kibanio mwisho. Bisibisi ile hatukuruhusiwa kuigusa. Ndani ya chogo, alisema, kioo chenyewe kinatunza umeme. TV ya rangi hupandisha volti hadi elfu 25 au zaidi, na hata ukiizima na kuichomoa, chaji inaweza kukaa kwenye tyubu ikikusubiri. Hivyo kabla ya jambo lolote alibana kibanio kwenye waya wa ardhi wa tyubu, akaweka mkono mmoja mfukoni, na kwa mkono wa pili akaingiza ncha ya bisibisi chini ya kifuniko cha mpira kilichokuwa ubavuni mwa chogo. Mara nyingine haikutokea kitu. Mara nyingine ilitokea "tá!" kali, na watoto wote tuliruka nyuma hatua moja, kisha tukarudi.

Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, kwa hiyo TV ya mjomba ilikuwa mgonjwa wa mara kwa mara. Fundi aliisoma dalili kama mganga anayemjua mgonjwa wake tangu utotoni. Picha ikijikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, ugonjwa uko upande wa wima, tafuta aisii yake. Ikikataa kabisa na fyuzi ikakatika papo hapo, transista ya mistari imekufa. Rangi zikichafuka kwenye kona kama maji ya mafuta, kuna mtu ameweka spika karibu, na sumaku yake imeingia kwenye chuma cha ndani. Picha ikiwa hafifu na nyekundu dakika za kwanza, halafu ikatulia, tyubu inazeeka. Hata uzee wa tyubu alikuwa na dawa yake: alizungusha waya mara chache kwenye chuma cha flaibaki ili kuwapa nyuzi za tyubu joto la ziada. Alisema hilo ni sawa na kumpa mzee uji wa asubuhi. Atatembea, lakini usimkimbize.

Jambo moja alilifanya kila siku, nalo nilidhani ni upole wake. Hakuwahi kutufukuza watoto mezani. Mafundi wengine wangetutimua, tunaziba mwanga, tunaangusha skrubu. Yeye alikuwa akimchagua mmoja wetu, anamkalisha kwenye kigoda kando ya TV iliyo wazi, mbali na bodi lakini karibu na chogo. Akimaliza kulehemu, hakurudisha fyuzi moja kwa moja. Mahali pa fyuzi aliunganisha globu ya wati 100. Bodi ikiwa bado na hitilafu, globu inawaka kwa nguvu na kumeza umeme badala ya transista mpya kuungua. Ikiwa nzima, globu inamweka mara moja kisha inafifia. Tukisubiri hapo, wote tukiitazama globu, Fundi alimwinamia yule mtoto wa kigodani akauliza:

"Inalia?"

Mtoto alijibu inalia, au hailii. Aliyekaa kwenye kigoda kile alitembea kifua mbele siku nzima. Mimi nilikikalia mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa mpwa wa mwenye TV.

Mwaka 2012 uliisha huku redio zote zikiongelea ving'amuzi. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, mwaka 2013 ikawa zamu ya Mbeya. Huku bondeni tuliokuwa na TV tulitegemea dishi, hivyo jambo lile halikutugusa sana, lakini maneno yaligusa kila mtu. Ilienea kwamba chogo imepitwa na wakati, kwamba serikali imeikataa. Haikuwa kweli. Chogo ilipokea king'amuzi bila tatizo lolote kwa zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, zilezile zilizopokea gemu ya mjomba. Lakini jambo likishatajwa la kizamani watu hawaulizi tena kama linafanya kazi.

Miezi hiyohiyo TV ya mjomba ikazima. Fundi alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu alitoka na flaibaki mkononi, akatuonyesha ufa mwembamba kwenye plastiki yake nyeusi, na doa la moshi pembeni ya ufa. Hiyo haitengenezeki, alisema, inabadilishwa. Aliandika namba ya flaibaki kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Kibandani kwake haikuwapo. Ingetafutwa Mbeya, na ikikosekana Mbeya ingeagizwa Kariakoo. Wiki mbili, pengine tatu.

Nilikuwa na miaka 21 na karasha yangu ya kwanza, nimeshika pesa, na wiki tatu niliziona kama mwaka. Nilimwambia mjomba hakuna haja ya kuwekea viraka kitu cha zamani. Nilikwenda Tunduma, nikarudi na flati ya inchi 24 ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Nyepesi, niliishika kwa mkono mmoja. Mjomba aliitazama akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana hana shukrani, kama Fundi ameiona. Nikasema Fundi wa nini, hii ni mpya.

Picha ilikuwa safi, sikatai. Mario alikuwa na kingo kali. Tuliibana kwenye dirisha la kabati kwa vipande viwili vya mbao, na nyuma yake likabaki pango tupu, ambamo wiki ile ile paka aliingia akazaa. Jioni mjomba alifungua mlango na kwa mara ya kwanza hakukuwa na foleni. Watoto walikuwa kwenye kivuli chao wakisubiri kusikia, nayo flati haisemi kitu. Tulituma mmoja akawaite.

Kisha wa kwanza akashika bunduki.

Alilenga bata, akabonyeza. Kioo kikamweka, bata akaendelea kuruka. Risasi tatu, mbwa akainuka akacheka. Wa pili akajaribu, wa tatu. Wakasogea hadi mdomo wa bunduki ukagusa kioo. Hakufa bata hata mmoja. Nilichomoa nikachomeka, nikapuliza kaseti, nikafungua bunduki nikalehemu upya nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Mjomba alirudisha vifaru vya watu, mmoja mmoja, kwenye viganja vyao.

Nilimpelekea Fundi bunduki. Hakuifungua. Aliniuliza tu kama flati inalia, nikasema hapana, akatikisa kichwa polepole. Ndipo aliponieleza. Bunduki haitoi chochote kwenda kwenye kioo. Inapokea. Ina jicho ndani ya mdomo wake. Ukibonyeza, gemu inazima picha yote kwa kufumba na kufumbua, inakuwa nyeusi, kisha inachora kisanduku cheupe mahali alipo bata. Jicho likiona giza halafu mwanga kwa wakati huohuo hasa, bata amekufa. Na ili mtu asidanganye kwa kuielekeza kwenye taa ya chumba, bunduki nzuri zina chujio linalokubali mwanga unaopigapiga kwa mwendo mmoja tu, ule wa mistari ya chogo, zaidi ya mara 15,600 kwa sekunde. Flati haifagii mistari kwa boriti. Inaipokea picha, inaitafakari kidogo, halafu inaionyesha ikiwa imechelewa, na mwanga wake hauna mapigo yale.

"Kile mnachokisikia ninyi kwa masikio," alisema, "yenyewe inakiona kwa jicho. Sasa umeipa kioo bubu."

Nilimwomba basi alete flaibaki. Akaniuliza iko wapi TV. Hapo ndipo ninapopata shida hadi leo kusimulia. Nilikuwa nimeshawapa vijana wa vyuma chakavu. Walikuwa wameivunja shingo siku ileile, mlipuko mmoja wa ndani, "bufu!", hewa ikinyonywa, wakachukua koili ya shaba ya shingoni na kuacha vioo kwenye njia ya watoto. Kioo cha tyubu kina madini ya risasi ndani yake, ndiyo yanayosaidia kuzuia mionzi isitoke nje. Mjomba aliviokota mwenyewe kwa mikono, akavizika. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Afadhali angenilaumu.

Foleni ya bunduki ilipokufa, foleni ya pedi haikudumu. Watoto walikuwa wakija kwa ajili ya bata na kucheza Mario wakisubiri zamu. Kibanda cha mjomba kikawa cha mpira wa Ulaya mwishoni mwa wiki, halafu kikawa cha mpira kwa wenye pesa ya bia, halafu mjomba akachoka. Mwenye nyumba akampangisha mtu mwingine, na siku hizi ndani yake kuna dubwi tatu, mashine za kamari. Unatia sarafu ya 200, ile yenye simba, taa zinazunguka kwenye picha za matunda, zinasimama pasipo na wewe. Sheria inasema ni za watu wazima. Mlangoni nimeona viatu vya shule. Mbwa wa gemu alitucheka kwa kuwa tulikosa shabaha, na kesho yake tulirudi shabaha imenyooka zaidi. Mashine ile ya matunda huwezi kuizoea ukawa hodari, na inaniuma kwamba nilisaidia kuisafishia chumba.

Nimesoma sana tangu wakati huo. Huko Marekani, Ulaya na Japani wapo watu wanaozunguka wakikusanya chogo zilizotupwa barabarani, wanatoa tyubu na kuzipandikiza kwenye mashine zao za zamani, kwa sababu viwanda vimefungwa. Sony ilianza kutengeneza Trinitron mwaka 1968 na ikaacha. Mmoja baada ya mwingine, wengine nao wakaacha. Wanachokifanya ni kilekile alichokuwa akikifanya Fundi pale njia panda: kapasita zilizokauka, viungo vya risasi vilivyopasuka, globu badala ya fyuzi. Wao wanakiita burudani ya wikiendi. Yeye alikuwa akilipwa kwa vipimo vya dhahabu vidogo kuliko punje ya ulezi, na wateja wakaja kuisha, akafunga kibanda, akarudi Tukuyu kwenye migomba yake.

Mwaka huu mjomba aliugua. Tulikuwa tukipekua sanduku lake kutafuta kadi ya kliniki, mkono wangu ukagusa plastiki. Bunduki. Ameifunga kwenye khanga ya marehemu mkewe, na mnyororo wake. Aliichukua akaiweka magotini, akaikalisha hapo kama mtu aliyempokea mgeni, hadi jioni.

Nilizunguka kata nzima nikiulizia chogo. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa nayo stoo, chini ya magunia ya alizeti, inchi 21. Alishangaa nilipotoa pesa. Nilimpigia Fundi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nilipojitaja alinyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya mjomba kabla ya kitu kingine. Macho yake sasa hayaoni kazi ndogo, lakini kwenye simu ya picha aliniongoza siku tatu. Alinifundisha kuitoa chaji, mkono mmoja mfukoni, na akanifanya nirudie mara mbili. Kapasita kubwa ya volti 400 ilikuwa imevimba kichwa, nikaipata Mbeya. Akaniambia niangaze tochi kwenye miguu ya flaibaki nitafute duara jeusi kuzunguka risasi. Nikayaona manne, nikayayeyusha upya. Shida ikawa globu. Siku hizi madukani zimejaa za LED, ambazo hazifai kwa kazi ile, inatakiwa ya waya. Nilizunguka, mwishowe nikaazima moja ya wati 100 kwa mama anayefuga vifaranga, iliyokuwa ikiwapa joto.

Jioni ya siku ya tatu mjomba alitolewa nje kwa kiti. Mjukuu wake wa miaka minane, anayeniita mjomba kama nilivyokuwa nikimwita yeye, alikaa kwenye gunia karibu na chogo kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Niliegemeza simu kwenye debe, Fundi akitazama kutoka Tukuyu. Nikawasha. Globu ikamweka, ikafifia. Vinyweleo vya mkono wangu uliokuwa karibu na kioo vikasimama. Kioo bado kilikuwa cheusi.

Nilisogeza sikio. Nikashusha pumzi, nikazuia, nikasogeza hadi shavu likagusa plastiki ya chogo. Nilisikia kuku. Nilisikia karasha ya mtu kule ng'ambo ya korongo, ile sauti ambayo nimelala nayo miaka 13. Nilichokuwa nakitafuta sikukisikia. Moyo ukanizama, nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime," Fundi alisema kwenye simu. "Wewe huwezi kusikia tena. Hata mimi sikuwahi kusikia, tangu nifike Mbangala. Ningejuaje kama mistari inatembea? Ndiyo maana nilikuwa nawakalisha. Hapo kuna mtoto?"

Nilimgeukia yule binti kwenye gunia. Alikuwa ameziba sikio moja kwa kiganja, amekunja uso, anaitazama TV kwa mashaka.

"Muulize," alisema Fundi.

"Inalia?" nikamuuliza.

"Inalia, Mjomba," akasema. "Inalia sana. Ninyi hamsikii?"

Kwenye kiti chake, mzee alikuwa ameshafungua khanga.